Kitenzi Kimoja Kinatosha

Jumatatu, 4 Machi

Mimi nimezaliwa na bahati. Sijisifu, naandika tu. Nikinunua chungwa, halina mbegu. Mvua hunisubiri niingie ndani ndipo inyeshe. Wengine husoma hadi macho yakatoka. Mimi nikisikia jambo mara moja, limeshaingia. Shule niliiacha mapema kwa huruma tu, ili walimu nao wapate kupumzika.

Leo bahati imebisha hodi tena. Mdogo wangu karudi kazini (ni muuguzi, wodi ya watoto) macho mekundu. Nikadhani kuna aliyefariki. Kumbe ni mama wa mchumba wake. La, hajafariki. Anakuja! Jumamosi!

Niweke mambo wazi, maana shajara hii itasomwa na watu wengi siku moja. Mchumba wa mdogo wangu ni mhandisi wa madaraja, mtu wa ng'ambo. Lugha yetu anaiongea kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe: taratibu, lakini anafika. Mama yake anajua Kihispania, basi. Mara mbili amekataa ndoa hii kwa simu. Sasa anakuja kumwona msichana kwa macho yake mwenyewe. Akiridhika, harusi. Asiporidhika, Jumapili anapanda ndege na mwanawe mkononi. Mchumba amekiri hajawahi kumbishia mama yake tangu azaliwe, na hajui watu huanzaje.

Wazazi wetu walishatangulia. Mimi ndiye baba, ndiye mama, ndiye na shangazi wa pembeni. Kumkaribisha mgeni ni juu yangu. Tatizo: Jumamosi hiyo Mchumba atakuwa darajani. Zege linamwagwa, na zege likishaanza kumwagwa halimsubiri mama wa mtu. Atachelewa. Nani atazungumza na mgeni? Mdogo wangu akasema atamwomba Binamu, kwa kuwa Binamu ana simu inayotafsiri.

Binamu! Mtu anauza makava ya simu kwenye kibanda kisichotosha hata kupiga chafya, anajiita mtaalamu wa mawasiliano! Nikajisikia nikisema hakuna haja, Kihispania nakijua. Mdogo wangu akaniuliza tangu lini, kaka. Nikamjibu tangu zamani, nilikosa tu mtu wa kuongea naye.

Alinitazama sana. Kisha akalia, akanikumbatia, akasema hana mwingine isipokuwa mimi. Hapo hata ningetaka kuufyata mkia ningeufyatia wapi?

Jumanne, 5 Machi

Nimempata Mwalimu. Mama mstaafu, anafundisha Kihispania jioni kwenye chumba kilicho juu ya duka la dawa. Ubao mmoja, viti vya plastiki, feni inayozunguka kwa kulalamika. Nikamwambia nataka lugha yote, ikamilike Ijumaa. Alicheka hadi akavua miwani.

Nikamsihi awe mtu wa haki. Maneno ya kilimo ayaondoe, sina shamba. Maneno ya theluji ayaondoe. Akasema hata akiyaondoa hayo, kwa siku zilizobaki labda anaweza kunielewesha kitenzi kimoja, vizuri, hadi mfupani. Kimoja! Nilitoka kwa hasira. Nikafika ngazi ya pili, akili ikafanya kazi. Anayejua mia nusunusu ni bendera, upepo humpeleka. Anayejua kimoja hadi mfupani ni fundi. Nikarudi.

Mwalimu akapendekeza "kwenda" au "kuwa". Vitenzi vya watoto wa chekechea! Nikasema nataka "kulala".

Sababu zangu ni nzito. Kwanza, mimi ni muuzaji wa magodoro. Pili, mgeni unamwanzaje? Umelalaje, umeamkaje. Adabu yote ya binadamu inaanzia kitandani. Tatu, na hii nimeichimba kwa mdogo wangu kwa ujanja: huyo mama ana nyumba ya wageni huko kwao. Vyumba vimejaa ghorofa mbili. Kila chumba kitanda, kila kitanda godoro! Mdogo wangu aliongeza kwamba mama mwenyewe halali vizuri siku hizi. Sikusikiliza sana. Nilikuwa nahesabu vitanda.

Mwalimu akanionya kwamba hicho ni kitenzi kitundu, shina lake hubadilika. Nikamwambia hata wateja wangu hubadilika, na bado nawauzia.

Jumatano, 6 Machi

Nimeelewa nusu. Nusu yangu ni sawa na nzima ya mtu mwingine.

Mwalimu alianza na habari za kawaida. *Duermo*, nalala. *Duerme*, analala. *Dormimos*, tunalala. Nikamsimamisha. Mbona o imevunjika ikawa ue, halafu kwa "tunalala" imerudi kuwa o kama haikufanya kitu? Akasema hiyo ndiyo tabia yake, shina linabadilika katikati. Nikamwambia lugha yetu ina heshima: nalala, unalala, tunalala, wanalala, hapo katikati hapaguswi. Shina letu ni sponji ngumu, ulikalie usilikalie. Akasema nimelipia kujifunza, si kujigamba.

Kisha akaleta balaa la pili. Hayo yote, akasema, ni ya kutoa habari. Ukitaka jambo liwe, na bado halijawa, kitenzi kinabadili nguo. Akaitaja hali hiyo kwa jina refu la kitabuni, limenitoka. Mimi naiita hali ya matakwa. Nikasema sisi hatuna mambo hayo ya kujitakia makuu. Akaniuliza: mtoto yuko kitandani, nampashaje mtu habari? Mtoto analala. Na kama yuko macho na mimi nimechoka, nataka nini? Nikasema nataka ala... nikanyamaza.

Alale! Si analala. Alale! A ya mwisho imekuwa e. Kumbe nimeongea hali ya matakwa tangu nanyonya, na hakuna aliyewahi kunipa cheti!

Kwa Wahispania ni kinyume, akasema. Kitenzi hiki kwao e inakuwa a. *Duerme*, analala. *Duerma*, alale. Sisi tunatoka, wao wanaingia, tunapishana mlangoni. Tena wana neno la kulitanguliza, *ojalá*, ambalo Mwalimu asema ni ndugu wa damu wa Inshallah. Walipotezana zamani sana. *Ojalá duerma bien*. Inshallah alale vizuri. *Ojalá durmamos*, inshallah tulale.

Nilishuka ngazi kama mtu aliyemkuta kaka yake ugenini. Dukani nikamtakia kila mteja *ojalá duerma bien*. Mmoja akaniuliza kama naumwa.

Alhamisi, 7 Machi

Binamu kaja na simu yake, eti kuifanyia majaribio. Anaisemesha, inanyamaza, kisha inatoa sauti ya mwanamke aliyekasirishwa. Akanitaka niseme kitu cha Kihispania tuone kama simu itanielewa. Mbele ya mdogo wangu! Nikajikohoza. Nikatoa zito kuliko yote niliyo nayo: *Ojalá durmamos*.

Simu ikasema: Natumaini tutalala.

Binamu akacheka akishika ukuta. "Shekhe, saa tano hii ya asubuhi ushaanza kutumaini kulala?" Mdogo wangu hakucheka. Aliniuliza kwa upole kama kuna mambo mengine naweza kusema. Nikamjibu yapo mengi, nayatunza yasichakae.

Mtu huyu lazima ashughulikiwe. Nimepanga mpango. Ni mzuri kiasi kwamba nimeupitia mara mbili kwa raha tu.

Dukani kwetu tuna godoro la kujaribia. La springi, nene, kava lake lina zipu pembeni. Kanuni ya Bosi ni moja: muuzaji asilisifie godoro kwa mdomo. Mteja avue viatu, alale, wewe nyamaza usikilize. Akishusha pumzi ya kwanza, amelipenda. Ya pili, anafikiria pa kuliweka. Ya tatu, umeuza. Nimeshaona watu waliokuja kuuliza njia tu wakaondoka na godoro.

Basi. Jumamosi nalichukua godoro hilo (Bosi yuko safarini hadi Jumatatu, asichojua hakimuumizi), nalitandika sebuleni kwetu, Mama Mkwe ashushe pumzi tatu, nimeuza nyumba ya wageni nzima. Na Binamu ndiye atakayelibeba pamoja nami. Ngazi zetu nyembamba. Mikono yake itajaa. Simu yake iko kwenye mfuko wa shati. Nimesema vya kutosha.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimeelewa nusu iliyobaki!

Mwalimu aliandika ubaoni yote: *duerma, duermas, duerma, durmamos, durmáis, duerman*. Nilale, ulale, alale, tulale, mlale, walale. Nikauliza kwa nini mimi na wewe na yeye tukitakiwa kulala o inavunjika kabisa kuwa ue, lakini sisi na ninyi inakuwa u tu. Akasema ndivyo ilivyo, nikariri. Mimi sikariri. Mimi ni mtu wa magodoro. Niliutazama ubao, feni ikalalamika, na mara nikaona.

Nikamweleza: Mwalimu, hii ni springi. Mtu mmoja akilala katikati, uzito wote uko sehemu moja, springi inazama moja kwa moja: o inavunjika, ue. Tukilala sote kwa pamoja, uzito unagawanyika, springi inabonyea kidogo tu: u. Akaniuliza, na "wao"? Wao ni wengi, mbona inavunjika? Nikamjibu wao hawana adabu, godoro si lao.

Mwalimu alichukua chaki. Kisha akachora godoro ubaoni, pembeni ya kitenzi. Akasema amefundisha tangu nywele zake zikiwa nyeusi na hajawahi kusikia upuuzi unaosaidia kiasi hicho. Nimelichukua kama cheti.

Wakati naaga akanikumbusha jambo. Hali hii haitoi habari. Huwezi kuitumia kusema lolote lililopo. Ni ya mtu ambaye bado hajakipata anachokitaka. Nikamwambia sawa, nitataka jioni nzima.

Nyumbani mdogo wangu anapiga pasi gauni ambalo ameshalipiga pasi. Chakula hakimpiti kooni. Akasema, kaka, niambie ukweli, kesho itakuwaje. Nikamwambia akae atulie, yupo mtu. Akasema basi nimfundishe na yeye sentensi moja, moja tu, asimkodolee macho mama wa watu kama sanamu. Nikampa ya kwangu: *Quiero que usted duerma bien*. Nataka ulale vizuri. Akaitamka mara moja ikatoka safi kuliko yangu. Mtoto huyu tangu zamani ana tabia mbaya ya kufaulu.

Jumamosi, 9 Machi, jioni

Godoro limepanda. Binamu alitembea kinyumenyume kwenye ngazi akilia kama ndama. Nikamwonya simu itamtoka mfukoni ivunjike, nikaichukua kwa usalama. Kwa usalama huohuo nikaitumbukiza ndani ya kava la godoro, nikavuta zipu.

Sasa anaitafuta. Namsaidia kwa moyo wote. Nimeangalia hadi ndani ya sufuria ya wali.

Mdogo wangu ameweka maua mezani, ameyaondoa, ameyarudisha. Gari limesimama chini. Bahati, usiniangushe!

Jumapili, 10 Machi

Sijui nianzie wapi. Naanzia mlangoni.

Mama Mkwe ni mdogo wa umbo, amenyooka kama rula, kashika mkoba kwa mikono miwili. Chini ya macho ana mifuko inayotosha kubebea viazi. Dereva wa kampuni ya Mchumba alimwacha akaenda zake. Mdogo wangu akamwamkia kwa kupiga goti kidogo, akampokea koti. Mama akamtazama kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, kama mtu anayekagua ufa kwenye ukuta. Nikajitokeza. *Ojalá duerma bien!*

Akatabasamu kwa adabu. Nikamwangalia Binamu: umesikia?

Tukakaa mezani. Supu ikapakuliwa. Hapo ndipo mama alipofungua mdomo. Hakuwa amenijibu mimi, alikuwa ameanza mambo yake. Maneno yalimwagika kama zege la mwanawe, hayana pa kusimama. Nilisikiliza kwa makini nikitafuta kulala humo ndani. Hakuna aliyelala. Aliponyamaza, nikajibu: *Quiero que usted duerma bien*.

Akakunja uso. Akauliza tena, safari hii akimnyoshea mkono mdogo wangu, kisha dirisha, kisha kifua chake mwenyewe. Sauti ilitetemeka. Mdogo wangu akaninong'oneza, kaka, anasemaje? Nikamwambia anaisifu supu. Akaninong'oneza kwamba mama hajaionja.

Binamu ananitazama kama mtu aliyekata tiketi. Nikaona ni wakati wa silaha nzito. Nikasimama kabisa, mkono kifuani: *Ojalá durmamos!* Inshallah tulale sote!

Kijiko cha Mama Mkwe kilisimama hewani. Kisha pembe moja ya mdomo wake ikatikisika. Kisha ya pili. Sikujua kama ni kicheko au kilio, na nadhani hata yeye hakujua.

Hapo nikaitamani simu ya Binamu kuliko nilivyowahi kumtamani mwanamke. Nikasogea pole pole hadi kwenye godoro, nikainama kushika zipu. Mama akageuka kuniangalia. Nikakwama, mkono kwenye godoro, sina la kusema ila lilelile. Nikaliongezea neno la "hapa" nililolisikia kwa Mwalimu, nikapigapiga godoro: *Quiero que usted duerma aquí*. Nataka ulale hapa.

Mama Mkwe aliangalia godoro. Akaniangalia mimi. Akainuka, akavua viatu, akavipanga sambamba. Akaketi, akajinyosha, mkoba juu ya tumbo.

Pumzi ya kwanza. Amelipenda. Pumzi ya pili. Naiona nyumba ya wageni, ghorofa zote mbili! Ya tatu haikuwa pumzi. Ilikuwa mkoromo.

Kalala juu ya simu.

Mdogo wangu hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliketi sakafuni na gauni lake jipya. Akasema taratibu, "Kaka. Nilikuwa na jioni moja tu ya kuonwa. Umemlaza."

Binamu hakunipa nafasi ya kujibu, kwa sababu alikuwa ameazima simu ya mdogo wangu akaipigia ya kwake. Chini ya Mama Mkwe ukaanza muziki wa dansi.

Binamu akalitazama godoro. Akanigeukia polepole. Ukafuata ugomvi wa kunong'ona ambao sijapata kuuona. Akaninong'oneza kwamba mimi ni mwizi. Nikamnong'oneza mwizi ni babu yake. "Babu yangu ndiye babu yako, mjinga wewe!" Alininong'oneza kwa nguvu hadi mate yakanifikia. Mama Mkwe akageukia upande wa pili, akasema neno moja usingizini, akaendelea. Muziki ukakatika.

Wakati sisi tunakabana kimyakimya, mdogo wangu aliinuka. Alileta shuka lake. Alimtoa mama mkoba mikononi, kidole baada ya kidole, kama anavyowatoa watoto wa wodini midoli yao. Akaiinua miguu yake, akaiweka vizuri, akamfunika hadi begani. Akainama, akasema ile sentensi. *Quiero que usted duerma bien*. Mama alifumbua macho kidogo tu. Akamtazama. Akayafumba.

Supu ikapoa. Wali ukapoa. Tulikaa tumeegemea ukuta, watatu, kama watu waliofungiwa nje ya nyumba yao.

Mchumba akafika na saruji kwenye viatu. Nilijiandaa kwa kofi, nikavua hata saa. Lakini yeye alisimama mlangoni, akamwona mama yake, asisogee. Akatamka neno moja tu, chini kwa chini, kwa lugha yake: *Duerme*.

E mwishoni. Si a.

Nikaelewa, wallahi! Sikuhitaji simu wala Mwalimu. Si alale. Analala. Jambo la kutakwa limekuwa habari. Halafu akaturukia mawe yake moja moja kwa lugha yetu: mama halali tangu yeye aje huku. Daktari, dawa, hapana. Usiku anatembea ukumbini, anasikiliza wageni wanavyokoroma vyumbani, yeye macho. Na sasa, jamani, angalieni. Akafuta uso kwa mkono wenye saruji, akabaki na mstari mweupe shavuni.

Mama Mkwe kaamka asubuhi hii jua limeshaingia chumbani. Kanywa chai. Kala wali wa jana, na supu ya jana, na kaiomba tena. Kisha akaongea na mwanawe kwa muda mrefu, akiwa ameushika mkono wa mdogo wangu bila kuuachia, hata wakati wa kupaka siagi.

Mchumba akatufasiria. Jana mama alikuwa anauliza: huyu msichana anamchukua mwanangu moja kwa moja? Nitabaki peke yangu dirishani? Akamuuliza kaka wa bibi harusi swali hilo, kaka akamwambia lala vizuri. Akakasirika. Akauliza tena, kaka akamwambia lala vizuri. Akawaza, hii familia ina busara ya ajabu. Swali zito hawalijibu mpaka mtu apumzike. Halafu wakati wa kusinzia akamwona msichana amemfunika, akimtakia usingizi kwa lugha yake. Mumewe alipokuwa hai ndiye aliyekuwa akimwambia maneno hayo. Hakuna aliyeyasema tangu hapo.

Harusi iwe, amesema. Iwe! Hali ya matakwa, nimeitambua.

Mdogo wangu akanirukia shingoni. Nikamwambia si nilikwambia yupo mtu? Nililia kidogo, nikasingizia kitunguu. Hakukuwa na kitunguu.

Nilipotulia nikamwomba Mchumba amuulize mama kuhusu magodoro ya nyumba ya wageni. Akamuuliza. Mama akajibu kwamba magodoro ya huko ni mazuri sana, wageni wote hulala kama mawe. Tatizo halikuwa godoro.

Basi nikalishika lile letu nilirudishe dukani. Mama Mkwe akaweka mkono juu yake. Mchumba akanieleza, kwa heshima zote: mama haondoki leo. Anakaa mpaka harusi. Anakaa hapahapa, sebuleni, kwenye godoro hili, kwa kuwa kaka mwenyewe alisimama mbele ya watu akasema anataka alale hapa.

Sebuleni ndipo ninapolala mimi.

Jumatatu, 11 Machi

Nimelala kwa Binamu, sakafuni. Ndiye peke yake mwenye nafasi. Kila nikigeuka, simu yake inasema kwa sauti ya yule mwanamke: *Ojalá duerma bien*. Ameipanga hivyo. Anasema ni kwa usalama.

Bosi karudi. Jambo la kwanza kaliona pengo pale palipokuwa na godoro la kujaribia. Nikamweleza liko kwa mteja mkubwa kutoka ng'ambo, tunaongea kwa Kihispania, mambo ni mazito. Hata si uongo mtupu: mteja yupo, ng'ambo ipo, uzito upo. Bosi akanitazama kwa jicho jipya. Akasema alisikia habari zangu kwa wateja, kwamba siku hizi nimekuwa mtu wa lugha. Akasema Alhamisi anakuja muuza mashine za springi kutoka China, mzee mmoja asiyejua ila Kichina chake. Akaniuliza kama Kichina nacho nakijua.

Nikamjibu vizuri sana. Nilikosa tu mtu wa kuongea naye.

Jioni nimepanda kwa Mwalimu kumuuliza kama anafundisha Kichina. Amevua miwani kabla sijamaliza sentensi. Lile godoro langu bado liko ubaoni. Amewachorea wanafunzi wengine. Akanishauri nimwambie Bosi ukweli ingali mapema. Nikamshukuru. Kuna mama mwingine mtaa wa pili, nimeambiwa anakijua Kichina kidogo. Kesho naenda kumwomba anifundishe kitenzi kimoja. Nimeshakichagua: kulala.

Na ile bahati niliyoiandika Jumatatu iliyopita, kwamba nimezaliwa nayo: uongo. Sina bahati na sijawahi kuwa nayo. Mvua inaninyeshea. Machungwa yangu yote yana mbegu.